Kopo la tui la mwaka 2568

Jirani yangu ndo alianza kucheka. Tumesimama mbele ya shelfu la makopo, yeye kainama anapekua makayabu, samaki wa chumvi wa Kikongo, kwenye boksi la chini, mi nimeshika kopo la tui la nazi nimeligeuza kitako juu kutafuta tarehe kama nilivyozoea, nakuta pamegongwa muhuri 15/11/2568. Nikapangusa na kidole, nikidhani ni vumbi. Haikutoka. Elfu mbili mia tano sitini na nane. Nikamwonyesha. Yeye ni mama wa Bukavu, Kiswahili chake kina mwendo wake, akalitazama lile kopo kwa heshima kabisa af akasema, "Mama mwalimu, hiyo utaachia bajukuu ba bajukuu."

Ilikuwa mwishoni mwa Februari 2025, Ramadhani iko mlangoni, na mi nilikuwa nimeenda kutafuta vitu viwili tu, tui na tende. Wanaonijua wanajua maana ya "vitu viwili tu" kwenye duka lile.

Duka lenyewe silitaji jina. Si kwa ubaya, ila nikilitaja mtajaa pale na bei itapanda, na nafasi ya kupita kati ya mashelfu ni ya mtu mmoja na nusu. Niseme tu liko huku kwetu Kampala, barabara ya Ggaba, ukishaivuka Kabalagala unakuja Kansanga, ghorofa ya chini, juu kuna saluni na mtu anayetengeneza simu. Hakuna muziki, hakuna kiyoyozi, hakuna kijana wa kukufungulia mlango. Katoni zinachanwa kwa kisu na kuachwa hapohapo, bei inaandikwa kwa makapeni kwenye kipande cha boksi. Ukiingia unapigwa na harufu ya berbere (pilipili ya Kihabeshi yenye viungo), sabuni ya unga na samaki mkavu kwa pamoja, na baada ya dakika tano huisikii tena, unaisikia ukifika nyumbani kwenye ushungi.

Humo ndani kuna dunia. Tambi za Uturuki na za Misri, basmati ya Pakistani na ya India, noodo za Indonesia, unga wa teff, ile nafaka ya Wahabeshi, biskuti zilizoandikwa Kiarabu kitupu, makayabu ya Wakongo, maziwa ya unga ya huko yanakotoka, na wakati huohuo pale nje getini kuna mama anauza parachichi. Mi huwa nasema ukitaka kujua nani kahamia Kampala mwaka huu usisome gazeti, nenda kaangalie shelfu gani limenenepa. Ful ya kopo, yale maharage ya Wasudani, ilikuwa mstari mmoja tu, tena chini. Vita vilipoanza Khartoum Aprili 2023, ile ful ikapanda, ikachukua mistari miwili, sa hivi ni ukuta mzima, na wamama wa Kisudani wanaingia na thobe zao wanaondoka na katoni.

Mji huu umezika supamaketi nyingi zilizokuja na mbwembwe. Uchumi ilifunga 2015, Nakumatt nayo ikafuata, Shoprite wakaaga 2021 na maduka yao wakachukua Carrefour. Haka kaduka ketu ka vumbi bado kapo.

Nilishawahi kumuuliza dada wa kaunta kwa nini vitu vyao ni rahisi hivi, maana kuna siku nimekuta mafuta ya zeituni bei ambayo ukiiona unajiuliza kama yameibiwa. Dada wa kaunta ni Mhabeshi wa Addis, duka ni la kaka yake, na Kiswahili alijifunza hapahapa Kampala kwa kusikia, kwa hiyo kinatoka bila chumvi. Akaniambia, "Wewe unanunua siku." Sikumwelewa. Akachukua kopo akaniwekea mkononi. Hili limetoka kiwandani, limekaa melini, likashushwa Mombasa likasubiri, likapanda lori zaidi ya kilomita 1,100 mpaka hapa, Malaba likalala tena. Likifika limeshakula miezi yake. Duka kubwa linataka kitu chenye siku nyingi mbele, kilichobakiwa na siku chache kinateremka bei, kinateremka tena, mpaka kinafika kwao. "Tui ni ileile," akasema. "Siku ndo zimepungua."

Tangu siku hiyo nikaacha kabisa kuangalia bei kwanza. Natazama tarehe, nahesabu siku zilizobaki, af najiuliza nyumba yangu itakimaliza kwa spidi gani. Hilo ndo swali peke yake la maana kwenye duka kama lile, na watu wengi wanalikosea, na wa kwanza kulikosea ni mimi.

Ngoja niwaambie habari ya unga wa dengu.

Mi ni mtu wa Tanga, bajia kwangu si kitafunwa ni urithi. Sasa mwaka juzi nakuta gunia la unga wa dengu, kilo kumi, bei ambayo sokoni Nakasero ningepata kilo tatu labda nne. Tarehe inasema miezi miwili na wiki. Nikapiga hesabu ya kijinga, nikagawa bei kwa kilo, nikaona nimewapiga Wahindi bao. Nikabeba, boda akalalamika, nikamwongeza elfu moja. Wiki ya kwanza tumekula bajia mpaka watoto wakafurahi. Wiki ya pili bajia. Wiki ya tatu mwanangu mkubwa kaniuliza kwa adabu kabisa, mama kuna chapati? Mwezi haujaisha nafungua gunia naona unga unatembea wenyewe. Wadudu. Kumbe tarehe ile wanakuandikia ya pakiti iliyofungwa ikakaa mahali pakavu, haijui kama wewe utafungua leo na utakuwa unachota na kikombe chenye maji kila jioni. Nilimwaga zaidi ya nusu, usiku, majirani wasione. Ukichukua hela niliyotoa ukaigawa kwa kilo nilizokula kweli, ulikuwa unga wa dengu wa ghali kuliko wote Afrika Mashariki.

Ndo maana nasema watu wenye hela wakija pale wanapata hasara na sisi tunapata faida. Mwenye hela ananunua kingi aweke. Mtu wa kula leo alichonunua leo, kwake kopo la siku ishirini na kopo la miaka miwili ni kitu kimoja, ila moja ni nusu bei. Umaskini una faida zake chache, hii mojawapo. Na friji isikudanganye. Nilishajaza friza kuku wa kukatwa wa bei ya kutupa, af nikasahau kujaza umeme kwenye mita, tukaamka asubuhi damu imetambaa mpaka mlangoni, sitaki hata kuendelea.

Kitu kingine watu hawatofautishi, kuna tarehe za aina mbili. Kuna ile ya ubora, kwamba mpaka hapo kiwanda kinakuhakikishia ladha na harufu, baada ya hapo biskuti italegea kidogo, kahawa itapoa harufu. Na kuna ile ya mwisho wa kutumia, hiyo ya nyama, maziwa mabichi na jamii yake, hiyo usicheze nayo. Duka lenyewe haliruhusiwi kuuza kilichopita, watu wa UNBS, shirika la viwango la Uganda, wakipita wanakomba, kwa hiyo siku za mwishomwisho vitu vinatupwa kwenye kapu moja jekundu pembeni ya kaunta. Kapu lile ni kama mnada. Mi kanuni yangu ni ndogo, kopo lililovimba siligusi hata wakinipa na nauli, kopo lililobonyea kwenye mshono siligusi, na mafuta nayanusa, maana mafuta yakishachacha hakuna tarehe itakayokuokoa. Chumvi yenye tarehe ya kuisha huwa inanichekesha tu. Chumvi imekaa baharini tangu dunia iumbwe, leo kwenye pakiti imepewa miaka miwili.

Af kuna wale wa "angalia namba za mwanzo za msimbo wa mistari utajua imetoka nchi gani". Hii imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka imekuwa dini. Zile namba zinaonyesha kampuni iliandikishwa nchi gani kupata msimbo, si kitu kilitengenezwa wapi. Ukiona 616 ni usajili wa Kenya, 885 ni Thailand, lakini kilichomo ndani kinaweza kuwa kimetoka popote.

Turudi kwa kopo letu la 2568.

Mi nafundisha Kiswahili, shule ya binafsi, darasa la nne mpaka la saba. Tangu Julai 2022 baraza la mawaziri lilipoamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima, msingi na sekondari, walau wazazi hawaniulizi tena kama nafundisha lugha ya wanajeshi. Wiki ileile ya kopo nilikuwa nafundisha saa. Kila mwaka ni vita. Mtoto anaona saa ya ukutani inasema saba, mi namwambia saa moja, ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Kwa nini mwalimu? Nikawaambia jioni mkaulize majaja zenu, yani bibi na babu, kwa Luganda ni saa ngapi jua likishachomoza. Kesho yake wamerudi midomo wazi, kumbe jaja naye anasema ssaawa emu. Siku inaanza kukikucha, saa ya kwanza ni moja, kuna ugumu gani.

Basi nikaenda na kopo kaunta. Nikamuuliza dada, hii tarehe vipi? Hakushtuka hata kidogo. Akasema Wathai wanahesabu miaka yao toka kwa Buddha, wako mbele yetu miaka mia tano arobaini na tatu, toa tu. Nikatoa simu nikapiga, 2568 toa 543, inakuja 2025. Kwa hiyo ni Novemba ya mwaka huohuo, miezi karibu tisa. Mzigo ulikuwa wa kuuzwa kwao Thailand, haijulikani umepindaje ukafika huku, na duka kubwa moja liliukataa kwa kuogopa mwaka, kaka yake akauchukua kwa bei ya karibu na bure. Elfu nne kopo, mahali pengine elfu tisa.

"We umejuaje mambo ya Wathai?" nikamuuliza.

"Kwa sababu na sisi ni hivyohivyo," akasema. "Ila sisi tuko nyuma. Kwetu sasa ni 2017."

Mama wa Bukavu akaweka makayabu chini.

Yule dada akatueleza pale foleni imesimama na hakuna aliyelalamika. Kwao mwaka una miezi kumi na tatu, kumi na miwili ya siku thelathini na mmoja mdogo wa siku tano au sita, na unaanza Septemba. Yeye kwa hesabu ya kwao kazaliwa 1993, paspoti inasema 2001. "Umri ni ule ule," akasema, "sijapata hata siku moja ya bure." Nikamuuliza na saa je? Akaniambia kwao jua likishachomoza, saa ya kwanza ni saa moja. Jamani nilitaka kuruka kaunta nimkumbatie. Miaka mitatu napigana na watoto wa watu kuhusu saa, kumbe kuna taifa zima la watu zaidi ya milioni mia moja linasema kama sisi. Kwenye mwaka tumetofautiana wote, Mthai kaenda mbele, Mhabeshi kabaki nyuma, pakiti za tende pale pembeni zina mwaka wa Hijria 1446, lakini kwenye saa, Mswahili, Mganda na Mhabeshi tunakunywa chai ya asubuhi pamoja.

Sa hapo ndo macho yangu yakaenda kwenye kapu jekundu.

Kulikuwa na pakiti za shiro, ule unga wao wa mchuzi wa dengu, na berbere, nyingi, zimeandikwa muhuri wa mwisho 10/2017, na kijana wa kupanga mizigo, kijana wa hapahapa Kampala, kaziona akajua zimeekspaya zaidi ya miaka saba, akazitupia kwenye kapu na kukata bei. Shiro kilo moja toka elfu kumi na nane mpaka elfu tisa. Lakini kama kwao sasa ni 2017 basi mwezi wao wa kumi bado uko mbele, inakuja kama Juni hivi, mwanzoni mwa Julai. Zile pakiti zilikuwa na miezi minne mizima. Bidhaa nzima, imewekwa kaburini kwa kosa la kalenda.

Naomba niseme ukweli, kwanza nilichukua mbili. Nikaziweka chini ya tambi. Halafu dhamira ikaanza kuninyonga, mwalimu mzima, wiki ya kuelekea Ramadhani, nikasema ngoja nimwambie. Nikamnong'oneza, dada, zile za kwenye kapu mmekosea, hazijaisha.

Akanitazama. "Najua," akasema. "Kijana aliweka Jumatatu. Mi nikaacha." Akaendelea kugonga bei za mama wa Bukavu kana kwamba kamaliza, af akaongeza bila kuinua kichwa, "Tumefunga. Watu wa kwetu wakija wanajua kusoma."

Mwaka ule mambo yaligongana hivyo. Wao, Wakristo wa Orthodox, walikuwa wameanza mfungo wao mkubwa Februari 24, siku hamsini na tano hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna yai, kwa hiyo ni shiro asubuhi shiro jioni. Sisi tulikuwa tunasubiri mwezi uandame wiki hiyohiyo. Jirani yangu Mkatoliki, Kwaresima yake ilikuwa inaanza Machi 5. Na jirani huyo mwezi ule hakuwa na raha, waasi wa M23 walikuwa wameshaingia Bukavu, simu haimtoki mkononi, na nadhani kilichomtoa nyumbani siku ile haikuwa makayabu, alitaka tu kutembea na mtu. Kile kicheko chake cha kopo la wajukuu kilikuwa cha kwanza nilichokisikia kwake tangu katikati ya mwezi.

Nilirudisha pakiti moja. Moja nilibaki nayo, na shiro ni tamu, wapwa zangu wa Tanga watanisamehe lakini ukiipika na tui inakuwa kitu kingine kabisa, Mhabeshi akikuona anaweza kukushtaki.

Na hapo kwenye tui niseme kidogo, maana najua kuna watu wa pwani wanasoma hapa na tayari wameshanuna. Tui la kopo? Ndio, la kopo. Nazi ya kukuna Kampala inapatikana, nakutana nayo Nakasero, imepanda lori kama mimi nilivyopanda basi, ukiipasua moja kati ya tatu imeshachacha ndani na hela huirudishiwi. Nimepigana na mbuzi ya kukunia miaka minne kwenye fleti ya ghorofa ya tatu, jirani wa chini akagonga na fagio. Nikasalimu amri. Ila tui la kopo nalo linataka kusomeka. Sisi tunajua tui la kwanza na tui la pili, basi na wao wanajua, wamelipa tu majina na asilimia. Kwa viwango vya Codex, vile vya chakula vya kimataifa, lile zito linatakiwa liwe na mafuta asilimia 20 kwenda juu, la kawaida asilimia 10, na lile wanaloliita jepesi asilimia 5, yani hilo la mwisho ni maji yaliyoosha kifuu. Kuna watu wanafurahia bei ya jepesi wananunua makopo mawili kwa bei ya moja, af wanashangaa samaki wa kupaka anateleza.

Na jambo ambalo mtu wa Tanga hawezi kulijua mpaka ahamie huku. Kampala iko juu, mita kama 1,200 toka usawa wa bahari, asubuhi kuna baridi. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kwa hiyo unafungua kopo saa moja asubuhi unakuta juu pameganda kama samli na chini maji, wenyeji wengi wanaamini limeharibika na wanalirudisha dukani, wanalumbana. Halijaharibika. Liweke kwenye maji ya uvuguvugu, litikise, linarudi. Tanga sijawahi kuona tui likiganda mezani, kule sisi wenyewe ndo tunayeyuka.

Kuna vitu vichache sivinunui pale hata kwa bei gani. Dagaa wa kopo wa kutoka mbali huko, wakati ziwa liko chini ya barabara, ukishuka Ggaba kwenye mwalo unapimiwa mukene, dagaa wa ziwani, kwa tumpeko, yani kikombe cha plastiki. Sukari pia hapana, na maziwa hapana, Mbarara ya ng'ombe wa maziwa ipo. Mchele ndo kinyume, basmati yenye umri naipapasa kwa mikono miwili, mchele ule ukikaa mwaka na zaidi ndo unanyooka vizuri kwenye sufuria, punje haishikani. Ukikuta wameshusha bei kwa sababu gunia ni la zamani, beba, nyamaza.

Ramadhani ilipoingia futari yetu ikawa ndizi za nazi, matoke ya hapa na tui la 2568. Mwanangu mdogo aliliomba kopo tupu akalipeleka shule kuonyesha wenzake. Sijui aliwaambia nini, mwalimu wake wa hesabu akanisimamisha koridoni akaniuliza kama kweli tunakula chakula cha baadaye.

Wiki ya pili ya mfungo nikarudi dukani kuongeza makopo, jioni, duka limejaa. Kapu jekundu lilikuwa na sosi ya soya na nyanya za kopo, zile pakiti za 2017 zilikuwa zimeisha zote. Dada akanigongea bei haraka kuliko kawaida, akatazama saa ya ukutani inayosema sita na ishirini.

"Saa kumi na mbili na ishirini," akaniambia, "umebaki na dakika arobaini. Nenda kapike."

Nikamuuliza na yeye atakula nini.

"Shiro," akasema, akaita anayefuata.